Unga wa Makere Katika Mfuko wa Mgao

Mtaa wa Murubona,
Kasulu, Kigoma.
Ijumaa, 13 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Mwanaheri,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, nakuomba kwa heshima zote uangalie ni nani amekaa karibu nawe. Kama ni Mama Tamimu, au mtu yeyote wa nyumba yake, ikunje barua hii uifiche mpaka aondoke. Yaliyomo humu yasitoke hata neno moja. Usimsomee hata Omary. Najua mwanao hana ubaya, lakini Omary hawezi kutunza siri inayochekesha, na hii kwa bahati mbaya ina mahali panapochekesha. Nimeandika kwa mkono na kumpa abiria wa basi kwa sababu ujumbe wa simu siku hizi unasambaa kabla aliyetumiwa hajamaliza kuusoma.

Baada ya ombi hilo, nakujulia hali. Magoti yanaendeleaje? Yule daktari wa Ngamiani bado anakukataza kupanda ngazi, na wewe bado unapanda? Natumaini Idi iliwapitia kwa furaha na kwamba binti yako Shadia alifika kutoka Muheza na watoto. Tuliwakumbuka sana wakati wa kula.

Sisi hatujambo. Baba anafungua duka kila asubuhi ingawa mgongo unamsumbua, na akiulizwa anasema mgongo ni wa kwake, watu wamwachie. Mama yuko Makere tangu mwezi uliopita. Kiangazi kimeingia, jua ni kali la kuanikia muhogo, na kikundi chao cha akina mama kinafanya kazi kuanzia alfajiri. Baridi ya asubuhi huku usiiulize. Wewe wa Tanga ungevaa blanketi hadi sokoni.

Sasa niseme kilichonifanya nishike kalamu. Wewe ndiye uliyemwomba Mama Tamimu anitafutie nafasi kwa mwanawe, alipokuwa anakuja Kasulu kuanzisha kampuni ya unga wa muhogo. Nilishukuru, na bado nashukuru. Mimi ni karani wake tangu siku ya kwanza. Napokea makopa ya muhogo mkavu, naandika barua, najibu simu, nafungua ofisi na kuifunga. Unga wenyewe sina neno nao. Makopa yanatoka Makere, kwa kikundi hichohicho cha Mama, na mashine ya kusagia ni nzuri. Unga ni laini na ugali wake unavutika. Kama ungekuwa mbaya nisingekasirika hivi. Nakasirika kwa sababu kitu kizuri kinaharibiwa mlangoni, na anayekiharibu ndiye mwenye mlango.

Kosa lilianzia kwenye mfuko. Huenda huko pwani hamlijui hili, kwa hiyo nieleze. Huku kwetu, kwa miaka mingi, chakula cha mgao wa wakimbizi tumekiona kikipita katika mifuko myeupe yenye maandishi ya bluu ya Kiingereza. Mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Ikishaisha kazi yake watu wanaifanya mapazia ya bafu, wanabebea mkaa, wanaitandika kukalia kwenye mikutano. Mtu wa huku akiuona mfuko mweupe wenye maandishi ya bluu, hausomi. Ameshajua ni wa nini.

Basi Tamimu akaagiza mifuko kutoka Dar es Salaam, myeupe, yenye maandishi ya bluu, ya Kiingereza.

Siku mifuko ilipofika niliuchukua mmoja nikaenda nao mezani kwake. Nilimwambia kwa upole, maana unajua siwezi kupaza sauti mbele ya mkubwa, "Kaka Tamimu, huku watu watasema unga huu umetoka kambini."

Akacheka. "Swaumu, mdogo wangu, nyeupe ni usafi, bluu ni uaminifu. Hayo mambo yamefanyiwa utafiti."

"Na nani, Kaka?"

"Wataalamu."

"Walifika Kasulu?"

Akanitazama kama nimemwagia chai kompyuta yake. "We tulia, jibu simu. Soko niachie mimi."

Chuoni tulisoma sura nzima inayosema umjue mteja kabla hujamuuzia. Tamimu naye aliisoma, tena katika chuo kikubwa kuliko changu. Nadhani alielewa kwamba inahusu wateja wa watu wengine.

Mzigo wa kwanza tuliupeleka kwa Stumai, mama mwenye kibanda cha nafaka sokoni hapa, ambaye amefahamiana na Baba tangu sijazaliwa. Jioni yake akanipigia. "Mwanangu, njoo utoe mali yenu kabla mgambo hawajapita hapa." Nilipofika nilikuta wanawake wawili wanaugeuzageuza mfuko mmoja kama wanautafuta jeraha. Mmoja akaniambia, "Dada, nyie mmezidi. Wenzenu wanawaibia wakimbizi kimyakimya, nyie mmeiba mpaka risiti mnatoa!" Mwenzake akadakia, "Tena kwa bei ya dukani! Angalau mwizi mwingine ana aibu, anapunguza."

Stumai mwenyewe alikuwa ameweka kanga juu ya mifuko iliyobaki ili isionekane.

Nilirudi ofisini nikamweleza Tamimu kila neno. Sasa nikuulize, Shangazi. Mtu akiambiwa kwamba mfuko wake unawatisha watu, si atabadilisha mfuko? Yeye alishusha bei! Nilimsihi asifanye hivyo. Nani asiyejua kuwa mali ya wizi ndiyo inayoshushwa bei upesi? Waliokuwa na shaka wakapata uhakika. Mteja mmoja alimwambia Stumai kwamba bila shaka polisi wamekaribia, ndiyo maana tunaharakisha.

Bei iliposhindwa, akagawa bure. Alisimama stendi amevaa fulana yenye jina la kampuni, akapanga abiria foleni, akawapa mfuko mmojammoja huku mpiga picha akifanya kazi yake. Huku kwetu kitu kinachogawiwa bure katika mfuko mweupe, kwa foleni na kwa picha, kila mtu anakijua jina. Mzee mmoja alipokea wake kwa mikono miwili, akamuuliza kwa adabu kabisa, "Na mafuta tunachukulia dirisha gani?"

Tamimu akacheka sana, akadhani anataniwa. Mimi nilitamani ardhi inifiche, kwa sababu mzee yule hakuwa anatania.

Picha zile akaziweka mtandaoni. Zikapendwa na watu wengi wa Dar es Salaam ambao hawatakuja Kasulu kununua unga mpaka mwisho wa dunia. Alininyooshea simu akisema, "Unaona? Tunakua." Tunakua wapi, Shangazi, na ghala limejaa mpaka tunapita ubavuubavu?

Wala si yeye peke yake. Ukikaa mjini hapa unawaona hawa vijana wa kampuni mpya wakija mmoja baada ya mwingine na kosa lilelile katika nguo tofauti. Yupo aliyeleta programu ya simu ya kuitia bodaboda, katika mji ambao ukitoka mlangoni na kukohoa tu zinakuja tatu. Yupo aliyetengeneza sabuni ya maji nzuri sana, akaitia katika madumu makubwa tu, wakati mama wa hapa ananunua kidogokidogo kadiri mkono ulivyo siku hiyo. Wote walifanya uzinduzi, wakakodi muziki, wakachapisha fulana. Nguvu zote zinakwenda kwenye kupiga kelele. Kusikiliza hawakukupangia hata asubuhi moja.

Na kuna jambo jingine linaloniuma, dogo, lakini ndilo linaloonyesha mtu hajaishi hapa. Mfuko umezibwa kwa moto. Mwanamke wa huku hanunui unga wa muhogo ambao hajaugusa. Anachota kidogo, anausugua kiganjani asikie kama una chembe, ananusa ajue kama makopa yalilowekwa vya kutosha au yaliharakishwa, anaweka ulimini ajue kama una uchungu. Ndipo anauliza bei. Niliomba tuweke mfuko mmoja wazi kwa kila muuzaji. Tamimu akasema mfuko ukishafunguliwa si bidhaa tena, ni uchafu. Kwa hiyo tunawataka watu wanunue kitu wanachokishuku, na tunawakatazia njia pekee waliyo nayo ya kuondoa shaka.

Hayo yote ningeyavumilia, kwa sababu hasara ni yake. Lililonikosesha raha ni la wiki hii, baada ya Idi. Aliingia ofisini anang'aa uso.

"Swaumu, nimepata. Watu si wanasema huu ni unga wa kambini? Poa! Tusibishane na soko. Tuseme hivyohivyo."

"Tuseme nini, Kaka?"

Akasoma kutoka kwenye simu yake, kwa sauti ya redioni: "Unga unaoaminiwa na mashirika! Chaguo la kambi, sasa mezani kwako!"

Nikamwambia si kweli. Akaniambia hilo ni tangazo, si ushahidi wa mahakamani. Nikamwambia kwamba kuuza chakula cha mgao ni kosa, na tukitangaza wenyewe kuwa chetu ni cha kambini, basi mahakamani ndiko tutakakoelekea. Akanipigapiga begani. "Wewe unaogopa sana, mdogo wangu. Biashara ni ujasiri."

Ni kweli naogopa, Shangazi, wala sioni haya kusema. Lakini sijiogopei mimi tu. Kila mtu Makere anajua ni kikundi gani kinachotuuzia makopa. Siku tukijitangaza kuwa tunauza chakula cha wakimbizi, hakuna atakayemtafuta Tamimu, atakuwa ameshapanda basi. Watamtafuta mwanamke anayemenya muhogo. Mama yangu, ambaye hajawahi kuokota hata yai la kuku wa jirani, ataitwa mwizi wa chakula cha wakimbizi katika kijiji alichozaliwa. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Juzi Jumatano akatupeleka Kumsenga, siku ya gulio. Alichagua huko kwa sababu ni wilaya ya Kibondo, yenye kambi ya Nduta, na alisema ujumbe utaingia vizuri. Tulikwenda na gari la mizigo lenye spika juu, dereva akiwa Gasper, kijana wa Kibondo. Tamimu hajui Kiha, na alitaka tangazo lake lisemwe kwa Kiha. Akanipa kipaza sauti. "Sema vilevile nilivyoandika. Usiongeze, usipunguze."

Watu walikuwa wameshakusanyika kuliangalia gari. Nikawasalimu, "Mwakeye," wakaitikia. Kisha Tamimu akaninyooshea simu nisome. Niliyaona maneno yale, nikamwona Mama akilini. Ndipo mama mmoja muuza dagaa akaniita kwa Kiha kutoka mbele, "We binti, mmeuleta wenyewe au mmeupakulia Nduta?" Watu wakacheka.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisema kwa Kiha kwamba unga huu haujawahi kuiona kambi. Nikasema umetoka Makere, umemenywa na mama yangu na wenzake, nikawataja majina na wanakokaa, ili mwenye ndugu huko aulize. Nikasema mfuko ni kosa la bwana huyu aliyesimama hapa, si mtu mbaya, ni mtu wa pwani, hakujua mfuko huu kwetu una maana gani, na hakumuuliza aliyejua. Nikawaambia mfuko wauache, waushike unga. Nikaupasua mmoja.

Nilimsikia Tamimu nyuma yangu akivuta pumzi kama amechomwa. Lakini watu walikuwa wameshaingiza vidole.

Yule mama wa dagaa alisugua, akanusa, akalamba. Akachota tena. Kisha akasema, "Huu haukuharakishwa. Mama yako anajua kazi." Halafu akamnyooshea kidole Tamimu. "Na huyo mwenye miwani mbona anatabasamu? Hajui kama unamsema?"

"Hajui, Mama."

Kicheko kilichopigwa pale, Shangazi, hata Gasper alilazimika kuinama nyuma ya usukani. Tamimu akanisogelea sikioni, "Wanacheka nini?"

"Wamefurahi, Kaka."

Akanionyesha dole gumba.

Tuliuza mzigo wote uliokuwa garini. Na sikiliza walivyonunua. Kila mwanamke alileta beseni lake, au ndoo, au alitandika kanga, akamwaga unga humo, kisha akaturudishia mfuko. Hakuna hata mmoja aliyekubali kutembea nao barabarani. Sakafu ya gari ikajaa mifuko mitupu. Nilifikiri hapo angalau ataona. Aliitazama ile mifuko kwa muda, akasema, "Unaona walivyo wastaarabu? Wameturudishia tuitumie tena."

Njiani Gasper aliniambia kwa Kiha, macho yakiwa barabarani, "Dada, siku huyu akijifunza lugha yetu tutafukuzwa wote wawili." Nilitaka kucheka, nikaona machozi yanakuja.

Kwa sababu sasa Tamimu ana uhakika kwamba ni tangazo lake ndilo lililouza. Jana aliniita akanipongeza, akaniambia ameshapata nafasi redioni hapa Kasulu. Alhamisi ijayo tunarekodi. Maneno ni yaleyale ya chaguo la kambi, sauti ni yangu, na safari hii ni kwa Kiswahili. Kumsenga nilijificha ndani ya Kiha. Redioni sina pa kujificha. Kila nyumba ya Makere yenye redio itamsikia binti wa kijiji hicho akisema kwa kinywa chake kwamba chakula cha mama yake ni cha kambini.

Nimewaza sana. Nikikubali, nitakuwa nimemuuza Mama kwa sauti ya kulipiwa. Nikikataa bila kueleza, ataleta msichana mwingine ayaseme, na jina la Mama litachafuka vilevile. Nikikimbia kazi kimya, akina mama wa Makere watampoteza mnunuzi wasijue sababu.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Leo amekwenda Kigoma mjini na atarudi Jumanne jioni. Jumatano asubuhi, kabla hajafungua kompyuta, nitamwambia kwa Kiswahili, polepole, yote niliyosema Kumsenga kwa Kiha. Nitamwambia kwamba watu walinunua unga wa Makere na kuukataa mfuko wake, na kwamba kama anataka tangazo la redio, hilo ndilo tangazo, nami nitalisoma kwa furaha. La kambi sitalisoma. Akiendelea nalo, nitakwenda Makere siku hiyohiyo kuwaambia akina mama kabla redio haijawaambia.

Sikuombi uniamulie, na tafadhali usimwombe Mama Tamimu anitetee. Nakuandikia kwa sababu, mambo yakiharibika, simu ya kwanza itakwenda Tanga. Utaambiwa kwamba mtoto wa kaka yako, uliyemwombea kazi, amemtukana bosi wake sokoni mbele ya watu na kuharibu biashara. Nilitaka uwe umesikia kwanza kutoka kwangu. Kama nimekuaibisha mbele ya rafiki yako, nisamehe. Lakini nilipopima aibu yako na jina la Mama, sikuona njia ya tatu.

Nisalimie Omary na mkewe, umwambie nasoma vitabu alivyoniachia. Msalimie Shadia na watoto, na Bibi Swaumu niliyepewa jina lake, umwambie aniombee dua hata kama humwambii ya nini. Baba anakusalimu, na Mama angekusalimu kama angejua naandika. Mwenyezi Mungu akupe afya, akulinde na ngazi zako, na atukutanishe katika heri.

Kuhusu kunipata: namba ya ofisi usiipige kabisa. Yangu nayo nitaizima Jumatano asubuhi, nisipate kisingizio cha kuipokea nikiwa nimesimama mbele yake. Ukitaka kujua hali yangu, mpigie Kuruthumu, anayeuza chapati mbele ya duka la Baba. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Piga Jumatano hiyo baada ya adhuhuri, useme wewe ni shangazi yake Swaumu, kampuni usiitaje. Akikwambia sijatoka ofisini, basi bado nina kazi, nawe ulale kwa amani. Akikwambia nimekaa naye kwenye benchi mchana wa siku ya kazi, usimuulize mengi. Mwambie anipe simu, kisha ongea wewe, chochote kile, mpaka nami niweze kuongea.

Wako akupendaye na kukuheshimu, mtoto wa kaka yako,

Swaumu